Mwendo wa Mbwa Kazini: Kipimo Kinachofichua Maumivu Yasiyoonekana kwa Macho

Na Mwandishi Wetu

Mbwa anayenusa makontena bandarini Dar es Salaam, au mizigo ya abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, haombi ruhusa ya ugonjwa. Nyonga ikimuuma, bado atapanda juu ya shehena, atanusa, na ataketi mbele ya kifurushi chenye harufu ya meno ya tembo, kwa kuwa kwake kazi hiyo ni mchezo unaoishia kwa tuzo ya mpira na sifa za askari anayemwongoza. Siku atakapoanza kuchechemea mbele ya macho ya kila mtu, mara nyingi maradhi yatakuwa yamekwisha kuota mizizi kwenye kiungo. Hapo ndipo elimu ya kupima mwendo wa wanyama, ambayo kwa wengi husikika kama anasa ya maabara za nchi tajiri, inapogusa moja kwa moja ulinzi wa rasilimali za Taifa.

Mbwa wa kazi si wageni nchini. Jeshi la Polisi lina Kikosi chake cha Mbwa na Farasi. Katika uhifadhi, mpango wa Canines for Conservation unaoendeshwa na shirika la African Wildlife Foundation umekuwa ukiwafundisha mbwa pamoja na askari wa wanyamapori katika kituo kilichopo Usa River, mkoani Arusha, na wahitimu wake, wa miguu miwili na wa miguu minne, wamepelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Tanzania, Kenya na mataifa mengine ya Afrika kusaka meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona. Mafunzo ya mbwa mmoja na mwongozaji wake si jambo la siku mbili. Mbwa huyo akistaafishwa mapema kwa sababu ya goti lililoharibika polepole bila mtu kugundua, kinachopotea, mbali na mateso ya mnyama mwenyewe, ni ujuzi ulioghiramiwa fedha za umma na za wafadhili, ambao hauwezi kununuliwa upya kwa haraka.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: askari anayelala na kuamka na mbwa wake atashindwaje kuona kwamba ana tatizo? Jibu lina uchungu kidogo. Ukaribu huohuo ndio unaompotosha.

Mwaka 2012 watafiti Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha, katika jarida la Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani, matokeo yanayofaa kusomwa na kila mwenye dhamana ya mbwa. Waliangalia kumbukumbu za mbwa 58 wenye uchakavu wa viungo ambao, katika jaribio la tiba, waliangukia kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake. Mbwa hao walipitishwa juu ya bamba la kupimia nguvu za miguu, na kwa walio wengi bamba lilionesha kwamba hakuna kilichobadilika. Hata hivyo, katika takriban asilimia 40 ya tathmini zao, wenye mbwa waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Madaktari wa wanyama, watu waliosomea kazi hiyo, hawakufanya vizuri zaidi. Binadamu akimeza kidonge kitupu na kujihisi ahueni, jambo hilo tumelizoea. Hapa aliyemeza ni mbwa, na aliyehisi ahueni ni bwana wake.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Veterinary Surgery, ulilinganisha alama zinazotolewa na watazamaji na vipimo vya bamba hilo hilo, ukaonesha kwamba jicho na kipimo hukubaliana pale tu ambapo kuchechemea ni kukubwa. Kwa maneno mengine, jicho linaona vizuri jambo ambalo halihitaji tena kuonwa na mtaalamu.

Sababu mojawapo ni kasi. Mbwa anapotembea polepole, miguu hufuatana kwa utaratibu: wa nyuma wa upande mmoja, kisha wa mbele wa upande huohuo, halafu wa nyuma na wa mbele wa upande wa pili. Akiongeza mwendo na kuingia katika mchakamchaka, miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, na kinyume chake. Kila mguu hugusa ardhi kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Wapanda punda wa mwambao, ambao wana jina la telki kwa mwendo wa haraka wa mnyama wao na shoti kwa mbio zake kamili, wanajua jinsi ilivyo vigumu kusema mguu upi uko hewani wakati upi. Ubishi wa namna hiyo kuhusu farasi ndio uliompa kazi mpigapicha Eadweard Muybridge kule California mwaka 1878, alipopanga kamera mfululizo kando ya njia na kuthibitisha kwamba farasi anayekimbia huwa na nukta ambayo miguu yote minne iko juu. Mkusanyiko wake wa mwaka 1887 una kurasa za picha 781, na mbwa wamo. Nchini Ufaransa, mwanafiziolojia Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Kamera za maabara za leo hupiga mamia kwa sekunde, lakini wazo ni lile lile: kuusimamisha mwendo ili uweze kuhesabiwa.

Kinachohesabiwa kimegawanyika katika mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi hata na waandishi wa habari. La kwanza ni nguvu ambayo mguu unaikandamiza ardhi. La pili ni umbo la mwendo wenyewe, yaani pembe za viungo, urefu wa hatua, na muda ambao mguu uko chini au hewani.

Tuanze na nguvu, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi imara zaidi. Bamba la kupimia hufukiwa sakafuni katikati ya njia ili lilingane na sakafu, mnyama asilitambue. Mbwa akilikanyaga, vihisi vilivyo chini yake husoma nguvu katika vipimo vya nyutoni, mara mamia kwa sekunde. Mbwa aliyesimama wima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ya nyuma. Kwa mbwa wa kilo 30, hiyo ni karibu kilo tisa kwa kila mguu wa mbele na kilo sita kwa kila mguu wa nyuma. Akianza mchakamchaka, mambo hubadilika: kilele cha nguvu kwenye mguu mmoja wa mbele hupita uzito wa mwili mzima, na kwenye mguu wa nyuma hufikia karibu theluthi mbili ya uzito huo. Ndiyo maana maumivu madogo yanayojificha mbwa akiwa amesimama hujitokeza anapochapuka.

Wataalamu hawaishii kwenye nguvu ya mguu mmoja. Hulinganisha kulia na kushoto. Chukua mguu wa nyuma wa kulia uliokanyaga kwa nyutoni 210 na wa kushoto kwa nyutoni 180. Tofauti ni 30, wastani ni 195, na 30 ikigawanywa kwa 195 inatoa takriban asilimia 15. Hakuna mbwa mzima mwenye ulinganifu kamili wa sifuri, kama ambavyo hakuna binadamu mwenye viatu vinavyolika sawasawa pande zote, lakini tofauti ya ukubwa huo kwa mbwa ambaye mwezi uliotangulia alikuwa na asilimia tatu ni habari inayotosha kumpeleka kwa daktari, hata kama askari wake anaapa kwamba yuko sawa.

Hapa pana sharti ambalo wanaouza vifaa hivi hulitaja kwa sauti ya chini. Nguvu ya mguu hubadilika kwa kasi. Mbwa aliyepimwa jana akitembea kwa uvivu na leo akikimbilia mpira atatoa tarakimu mbili tofauti zisizo na uhusiano wowote na afya yake. Kwa hiyo maabara makini huweka mipaka. Kwa mchakamchaka, kiwango kinachotumika mara nyingi ni kati ya mita 1.7 na 2.1 kwa sekunde, bila kuongeza wala kupunguza kasi ghafla, na mbwa hupitishwa mara nyingi hadi zipatikane hatua tano hivi zinazokubalika kwa kila upande. Kamba ikivutwa, kichwa kikigeuka, au mguu ukikanyaga ukingo wa bamba, jaribio hilo hutupwa. Ni kazi ya subira, na mbwa wa kazi, aliyezoea kutii, huifanya kwa urahisi kuliko mbwa wa nyumbani.

Umbo la mwendo lina mvuto zaidi kwa mtazamaji, na mitego mingi zaidi. Njia iliyozoeleka ni kubandika vitufe vidogo vinavyoakisi mwanga juu ya viungo, begani, kwenye kiwiko, nyongani, kwenye goti na kwenye kifundo, kisha kamera kadhaa za miale ya infraredi hufuatilia vitufe hivyo na kompyuta huchora mifupa ya kufikirika inayotembea kwenye skrini. Tatizo ni kwamba kitufe kimebandikwa kwenye ngozi, si kwenye mfupa, na ngozi ya mbwa, hasa pajani, huteleza. Anayesoma pembe ya goti kutoka kwenye kitufe hicho huenda anasoma mteremko wa ngozi.

Profesa Martin Fischer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, walilitatua tatizo hilo kwa kutumia eksirei za mwendo kasi, wakaiona mifupa yenyewe ikifanya kazi. Utafiti wao ulihusisha mbwa 327 wa aina 32, kuanzia wenye miguu mifupi hadi majitu ya mbwa, na matokeo yalichapishwa kwa umma mwaka 2011. Walichokikuta kilivuruga michoro mingi ya vitabu. Mhimili wa mguu wa mbele hauko kwenye kiungo cha bega, kama wafugaji walivyofundishwa kwa vizazi. Uko juu zaidi, karibu na ukingo wa kombe la bega, ambalo halikuunganishwa na kifua kwa mfupa wowote bali kwa misuli tu. Kombe hilo ndilo linalochangia sehemu kubwa ya urefu wa hatua. Kwa mnasaba huo, kombe la bega ndilo linalofanya kazi ya paja, na siyo mfupa wa juu wa mkono. La kushangaza zaidi ni kwamba mbwa mfupi kabisa na mbwa mrefu kabisa hutembea kwa namna zinazofanana sana. Binadamu amembadilisha mbwa ukubwa, manyoya na sura ya uso, lakini mtambo wa mwendo umebaki ule ule kwa kiasi kikubwa.

Jambo hilo lina maana kwa vikosi vyetu. Linatoa matumaini kwamba kanuni zilizopatikana kwa mbwa wa Ulaya zinaweza kutumika hapa. Lakini kanuni si sawa na viwango. Vipimo vingi vya rejea vimetokana na Labrador na aina nyingine chache za mbwa wakubwa wanaofugwa Ulaya na Marekani. Malinois wa kikosi cha kupambana na ujangili, mwepesi na mwenye misuli ya mkimbiaji, hapaswi kuhukumiwa kwa tarakimu za Labrador mnene wa mjini, na mbwa wa kienyeji anayelinda zizi ndiye kabisa. Kiwango bora cha mbwa yeyote ni yeye mwenyewe alipokuwa mzima.

Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo penye kiini cha suala hili kwa nchi kama yetu. Mjadala wa teknolojia ya kupima mwendo huanza na kumalizikia kwenye bei ya maabara: mabamba, kamera, mkeka wenye vihisi, mashine ya kukimbilia. Vifaa hivyo ni ghali, vinahitaji mtaalamu wa kuvirekebisha, na taasisi yenye mahali pa asili pa kuwa navyo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako madaktari wa wanyama hufundishwa. Lakini kinachokosekana katika kikosi chochote kisicho na vifaa hivyo ni kitu cha bei nafuu mno: kumbukumbu ya jinsi mbwa alivyotembea siku alipoingia kazini.

Kumbukumbu hiyo inaweza kuanza na mizani miwili ya bafuni. Mwaka 2012 watafiti nchini Finland walichapisha matokeo ya kupima mbwa wenye uchakavu wa viungo kwa kuwasimamisha miguu ya nyuma juu ya mizani miwili inayofanana, mguu mmoja kwa kila mzani, wakaona kwamba njia hiyo rahisi inafaa kubaini tofauti ya uzito kati ya miguu. Mbwa wa kilo 30 anayetarajiwa kuweka kilo sita na sita, akiweka saba na tano kwa wiki tatu mfululizo, ameshatoa ushahidi. Mzani hauoni mwendo, ni kweli, na maumivu yanayotokea kwa kasi tu utayakosa. Lakini unaweza kununuliwa Kariakoo, na koplo anaweza kusoma tarakimu zake na kuziandika daftarini.

Hatua ya pili ni simu ya mkononi. Simu nyingi za sasa hupiga video za mwendo wa polepole za picha 120 au 240 kwa sekunde, ubora wa kasi ambao Marey asingeuota. Mwaka 2018 ilitolewa bure programu ya DeepLabCut, inayofundishwa kutambua viungo vya mnyama kwenye video bila kubandika kitufe chochote. Waliyoibuni walionesha kwamba picha takriban 200 zilizowekewa alama na binadamu zinaweza kutosha kuifundisha. Programu za aina hiyo zimebadilisha sura ya fani nzima katika miaka michache iliyopita. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kufanya kazi iliyohitaji chumba kizima cha kamera.

Tahadhari ni lazima, kwani urahisi huzaa uzembe. Kamera moja huona upande mmoja, na mbwa akipita kwa mshazari badala ya kupita sambamba na lenzi, pembe zote zitakuwa za uongo. Simu ikishikwa mkononi na kutikisika, programu itapima mtikisiko wa mkono. Sakafu laini ya ofisi humfanya mbwa mzima atembee kama mgonjwa. Changarawe humfanya mgonjwa achague pa kukanyaga na kuonekana makini tu. Na programu yenyewe haijui maumivu ni nini. Inatoa pembe na sekunde. Kusema kwamba pembe hiyo inatokana na kano za goti zilizochanika, nyonga iliyoumbika vibaya, mwiba kati ya vidole au uti wa mgongo, bado ni kazi ya daktari anayeshika, anayebonyeza na anayepiga eksirei. Zipo pia hali ambazo kipimo cha ulinganifu hudanganya kwa heshima zote: mbwa mwenye ugonjwa wa nyonga zote mbili huweza kuonesha kulia na kushoto sawasawa, kwa kuwa anaumwa pande zote. Huyo hugunduliwa kwa kuhamishia uzito mbele, na kwa hatua zinazofupika.

Kwa hiyo jicho la askari halifukuzwi kazini. Lina ishara zake za kale ambazo bado ni za kweli. Mbwa anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga na kukishusha unapokanyaga mguu mzima. Anayeumwa nyuma hupandisha nyonga ya upande wenye maumivu. Anayesita kuruka kutoka kwenye gari la doria, ilhali wiki iliyopita aliruka kabla mlango haujafunguka, amesema jambo. Tofauti ni kwamba ishara hizo zikiandikwa pamoja na tarakimu, haziwezi tena kufutwa na matumaini ya mtu anayempenda mbwa wake, wala na shinikizo la mkuu anayehitaji doria ya usiku.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na haimtoi katika ulinzi huo mnyama anayetumika kwa manufaa ya umma. Ni vigumu, hata hivyo, kutekeleza katazo juu ya mateso ambayo hakuna aliyeyapima. Vikosi vyenye mbwa, vya polisi na vya uhifadhi, vinaweza kukubaliana na madaktari wa wanyama juu ya utaratibu mmoja mfupi: mbwa apimwe siku anapopokelewa, kisha kila baada ya miezi mitatu, kwenye sakafu ile ile, kwa mwendo ule ule, na mtu yule yule ikiwezekana, video ihifadhiwe kwa jina lake na tarehe, na tofauti ikivuka kiwango kilichokubaliwa, apumzishwe hadi daktari aseme. Video hizo zikikusanywa kwa miaka michache, Morogoro itakuwa na hazina ya mwendo wa mbwa wanaofanya kazi katika joto, vumbi na ardhi ya Afrika Mashariki.

Faida ya mwisho ni ya kiutawala. Uamuzi wa kumstaafisha mbwa humgawa mwongozaji moyo: akisema mapema, anapoteza mwenzake wa kazi, akichelewa, mbwa analemaa. Kwenye faili lenye tarakimu za miaka minne, uamuzi huo haumwangukii yeye peke yake.